App ya Uchungu

Shoga, natoka kikaoni sasa hivi!

Ile app yetu ya wajawazito, inayopima uchungu unarudi kila baada ya muda gani. Nikasema tutoe mbili, ya bure na ya kulipia, mtu achague mapema akiwa na akili zake.

Bosi akacheka. "Moja tu, ya bure. Uchungu ukikolea inajifunga, inadai hela. Mwenye uchungu habishani bei."

Eti habishani bei! Mdomo umejaa karanga!

Tunatoka, kanivuta pembeni. Si unajua mkewe anajifungua mwezi huu?

"Mdogo wangu, wifi yako mwekee ile isiyojifunga."