Jumamosi kwa Abdi, Jumapili Kwangu

Jumapili, jioni. Upepo wa Isiolo leo ni ule wa matusi, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekaa mlangoni mwa ukumbi wangu wa mpira naandika kwa simu, na roho yangu ni chafu kuliko hewa yenyewe.

Ekal bado hajaamka.

Ekal ni mbeba mizigo sokoni, mtu wa kule Kipsing, mteja wangu tangu niliposhuka kutoka Meru kutafuta maisha. Kwangu sheria ni mbili tu: rungu unaacha mlangoni, na unakaa na timu yako. Si na ukoo wako. Ndiyo maana Ekal amekuwa akibanana kwenye benchi ya mashabiki wa timu ya wekundu na Guyo, muuza mbuzi wa Garbatulla, hata ile miezi watu wao walikuwa wanauana kwa sababu ya malisho. Wakifungwa, wanamtukana refa pamoja. Nilikuwa naona fahari, aki.

Halafu msimu huu mechi zikagawanywa. Zamani kampuni moja ya televisheni ilikuwa inanunua zote. Wanasheria wakasema hapana, sheria ya ushindani haikubali mmoja ameze kila kitu, haki za kuonyesha ziuzwe vipande vipande. Nilisikia redioni nikapiga makofi peke yangu jikoni, nikidhani bei itashuka. Kushuka wapi! Za Jumamosi zikaenda kampuni moja, za Jumapili nyingine, na kila moja inataka dekoda yake na malipo yake.

Abdi, mwenye ukumbi mwingine upande wa pili wa mji, kwa watu wa kina Guyo, akaniita chai. Salaam aleikum, habari, tukacheka, tukaelewana haraka: yeye alipie za Jumamosi, mimi za Jumapili, na hakuna kuingiliana. Baadaye nikasikia ati sheria hiyo hiyo inakataza wafanyabiashara kugawana soko namna hiyo. Nilicheka sana. Nani atakuja kufuata vibanda viwili vya Isiolo?

Ningejikaza, ningelipia zote mbili. Najua hilo.

Kwa Abdi kila mtu hukaa na watu wa kwao. Si ubaya wake, hakuwahi kuwa na sheria kama zangu, na mimi sikumwambia aziweke. Wale wa Kipsing wakaacha kuona mpira wa Jumamosi. Ekal naye alivumilia, lakini jana wekundu walikuwa wanacheza na mahasimu wao, akashindwa kukaa nyumbani. Akavuka mji.

Guyo alikuwa huko. Amekuja kwangu asubuhi, shati lina damu ambayo si yake. Anasema mmoja alianza kuropoka kuhusu ng'ombe walioibwa, kwamba huyu wa Kipsing anatafuta nini hapa. Wengine wakasimama. Guyo akamlalia Ekal juu amkinge, wakamvuta yeye kando, marungu yakaendelea. Kisha akanipa rungu la Ekal.

"Aliliacha mlangoni mwenyewe, Mama Kendi," akasema. "Lilikuwa hapo peke yake."

Ukumbi mzima una marungu, na yeye mikono mitupu. Mimi ndiye nilimzoesha hivyo.

Nimetoka hospitali mchana. Kichwa chake kimefungwa chote, hata uso hauonekani vizuri. Nilimsalimia mama yake, akanigeuzia mgongo. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo.

Nilitaka nisifungue leo. Abdi akanipigia simu, analia mtu mzima, akasema tukifunga kote kuwili hawa watu hawatakaa tena chini ya paa moja. Nikafungua. Wamekuja wachache. Guyo amekaa benchi ya wekundu, na hakuna aliyemfuata. Wengine wamejipanga kwa makabila yao, hawa huku na wale kule, bila kuambiwa na mtu.

Na wote wameingia na marungu yao, wameyabana kati ya magoti. Nilisimama mbele yao nikafungua mdomo niwaambie wayatoe nje kama kawaida. Wueh. Nikageuka nikawasha televisheni. Ningewaambiaje, baada ya jana?

Mpira umeanza, sisikii mtu akishangilia. Hapa mlangoni liko rungu moja tu, la Ekal, nimeliegemeza pale pale alipozoea kuliacha.