Divai Niliyoitemea Kifuani

Mama,

Ukiona barua hii na kifurushi chake vimefunguliwa usishangae, vyote hufunguliwa. Ndiyo maana naandika Kiswahili, ili msomaji wa njiani asivikalie akitafuta mkalimani. Mwalimu wa kanisa atakutafsiria. Hamjambo huko kijiji kipya mlikohamishiwa? Nyumba mlizojengeshwa zinavuja? Siku hizi mnafunguliwa lango saa ngapi kwenda mtoni? Mimi huku Meru mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Sisikii uchungu wala furaha.

Salamu zako zilifika, kwamba baba hamezi tena ila uji, na anataka kunibariki mimi kifungua mimba wake kabla hajafumba macho. Sikunyamaza kwa kiburi, Mama. Bila pasi ya serikali siwezi kuvuka hata mto Thuci, sembuse kufika huko kwenu Siakago.

Nilimwomba mzungu wangu, yule wa biashara ya mbao ninayempikia. Akasema ataniandikia barua nipewe pasi, lakini kwanza nijifunze kuonja divai, kwa sababu alishajisifu kwa wageni wake kwamba hata mpishi wake anaweza. Basi nikajifunza. Watu hawa hawanywi kwa kiu. Unashika glasi kwa mguu wake, unaiinamisha juu ya kitambaa cheupe uone rangi, unaizungusha, unanusa. Kisha unaisukasuka mdomoni na kuitema kwenye ndoo. Baada ya hapo lazima useme umekuta nini. Mwanzoni nilikuta uchachu tu, nikamwambia hivyo, akacheka. Polepole ulimi ukafunguka. Moja ina vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza. Nyingine ina moshi. Hata mimi nilijishangaa.

Siku ya wageni nilitaja tatu bila kukosea. Ya nne ilikuwa nyeupe. Nilipoitia mdomoni nikakuta asali ya migunga, ile ya mizinga ya baba, jinsi inavyokuwa katika pombe ya wazee. Mama, nilisahau nilipo. Nilifungua kifungo cha shati, nikaitemea kifuani mwangu kama baba anavyofanya akituombea, na nikataja jina lake kwa lugha yetu. Ndoo ilikuwa pale pale miguuni.

Mgeni mmoja, afisa wa polisi, akaweka glasi yake chini akasema, "Huyu amekula kiapo cha wale wa msituni."

Nilieleza kwamba hii ni baraka, kila mzee wa kwetu hufanya hivyo mchana mbele ya watoto. Ni nani wa kunisikiliza? Polisi walinilaza korokoroni siku nne wakiniuliza maswali yale yale. Niliporudi, mzungu hakunitazama usoni. "Njeru," akasema, "ningekuandikia. Lakini sasa wananiangalia hata mimi." Nikamwitikia ndiyo bwana, nikaenda kumenya viazi. Nilingoja machozi, hayakuja. Mpaka leo hayajaja, na ninaona haya kukwambia hivyo.

Pasi basi haipo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nisalimie shangazi mwenye mguu mbaya, na mjomba anayeshika zamu langoni, mwambie sina kinyongo naye, kila mtu anatafuta pa kuponea. Msalimie mwalimu anayekusomea, nampa pole kwa kazi hii. Dada yangu mdogo mwambie aendelee na masomo.

Ndani ya kifurushi kuna shati langu. Nimelivaa wiki nzima bila kulifua, baba alinuse ajue ni mimi, maana ulisema macho yamemwacha. Mtilieni pombe ya asali kidogo mdomoni. Kama imekatazwa hata kwa wagonjwa, maji ya asali yatatosha. Halazimiki kumeza. Alitemee shati hapo kifuani na aseme anachotaka kuniambia. Kisha mnirudishie, hata kama ameshakwenda.

Msilifue.

Ni mimi mwanao,
Njeru