Gari la Kumleta Shangazi Mlangoni

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Nimechefukwa mpaka basi.

Leo shangazi yangu, yule mkalimani, alienda hospitali kumwona jirani. Kwenye korido akasikia bibi mmoja analalamika chumbani, tena kwa lugha ya kwao shangazi. Akagonga, akajitolea kusaidia.

Nesi akamzuia. "Mkalimani keshaagizwa. Wewe huna kibali."

Mara simu ya shangazi ikalia. Wakala wake! Wizara imeipa kazi kampuni, kampuni imempa wakala, wakala anamtaka yeye. Aje hospitali hiyohiyo, chumba hichohicho!

"Mbona niko mlangoni," akasema.

"Hapana mama, gari limeshatoka. Usipoingia getini na dereva wetu, hatulipwi pesa ya safari wala ya kusubiri."

Ya kusubiri! Bibi wa watu analia, wao wanalipwa kusubiri, kwa kodi zetu!

Basi shangazi akatoka hadi barabarani, akasubiri gari, akapanda, likamrudisha getini, akafika mlango uleule. Nakwambia uleule! Na nesi yuleyule, sasa anatabasamu: "Karibu, mkalimani."

Akamuuliza bibi shida yake. Bibi akageukia ukutani.

"Nilikuwa naomba kupelekwa chooni."

Shuka lilikuwa limeshalowa chapachapa. Shangazi akavua mtandio wake, akamfunika.

Nesi, kalamu mkononi, anataka sahihi kwamba huduma imetolewa. "Eti, kasemaje?"

Shangazi hata hakugeuka.

"Agiza gari. Likinifikisha, nitakwambia."