Shanga za Ata Nakuam na Bakteria wa Darasa la Sita

Ijumaa, 13 Mei 1983

Nimeripoti tena kwa chifu. Kila Ijumaa ni hivi hivi tangu yunivasiti ifungwe baada ya zile fujo za jaribio la mapinduzi la Agosti iliyopita, tukatumwa makwetu. Nasimama mbele ya meza. Chifu Lotukoi ananitazama juu ya miwani. Teresia, umekaa vizuri? Nimekaa vizuri, mzee. Hakuna siasa? Hakuna, mzee. Haya, nenda.

Basi! Na eti chuo kikifunguliwa, yeye ndiye ataulizwa kama nafaa kurudi au sifai. Biolojia yangu yote iko kwenye ulimi wa huyu mzee. Nikifikiria hilo nashindwa hata kula.

Kichwa kimejaa mambo na sina wa kumwambia. Mama nimemweleza mara mbili habari ya bakteria wanaotengeneza insulini. Mara ya pili akanipa mahindi nipukuchue.

Jumatatu, 16 Mei

AMEKUBALI!

Bwana Diba, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa kwetu Burat. Niliingia ofisini kwake. Salaam aleikum, mwalimu. Halafu nikamwaga yote bila kupumua—kuna viumbe vidogo, macho hayavioni, wataalamu wameviwekea maagizo mapya ndani vitengeneze dawa ya ugonjwa wa sukari, na hakuna hata mtu mmoja amewaambia watoto wa Isiolo!

Akauliza kama nitataka mshahara. Sitaki. Akauliza kama nitakula chakula cha walimu. Hapana. Basi chukua darasa la sita, akasema, kipindi cha mwisho, hawa wamekuwa wakisinzia tu.

Nimerudi nyumbani mbio. Mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, kandambili mkononi!

Jumatano, 18 Mei

Hakuna aliyesinzia. Hakuna!

Nimeanza na maziwa lala. Nani anajua ni nani anayeyagandisha? Nikawaambia ni bakteria. Wote wakatazamana—kumbe wamekuwa wakiwanywa tangu wazaliwe. Gumato, kasichana ka Kiborana kanakokaa dawati la mbele, akauliza kama hao bakteria wana mama. Nikasema mmoja anajigawa, wanakuwa wawili. Sasa mama ni yupi na mtoto ni yupi? Aki hata profesa wangu mwenyewe angekuna kichwa.

Halafu nikafika kwenye insulini. Kwa miaka yote imekuwa ikitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na la nguruwe. Gumato akaziba mdomo kwa mkono. Na sasa, nikasema, bakteria wanaitengeneza wenyewe. Bila nguruwe? Bila nguruwe. Makofi! Darasa la saba likachungulia dirishani.

Lakini mahali pa maana nimekwama. Maagizo yanaingizwaje ndani ya bakteria? Nimechora duara ubaoni. Wameona duara. Ukimwambia mtoto kwamba duara limekatwa na kuunganishwa, anaona chaki tu.

Alhamisi, 19 Mei

Shanga!!

Jioni Mama ameinama kuchochea moto, shanga zake zikaning'inia, nami nikapiga kelele hadi sufuria ikamponyoka. Uzi wa shanga ni duara! Kila rangi ni agizo. Unakata uzi, unapachika kipande cha mtu mwingine, unafunga tena. Bakteria hajui tofauti. Anasoma zote, anatengeneza zote, na watoto wake wanazaliwa nazo!

Mama amesema nimwonyeshe kwa vitendo: nipike ugali mwingine.

Ijumaa, 20 Mei

Nimewaambia watoto walio na shanga nyumbani waombe uzi mmoja, mkuukuu, waje nao Jumatatu. Nimeripoti. Chifu anafunga mkoba, kesho asubuhi anaondoka na lori kwenda Gotu kwa mambo ya chanjo ya ng'ombe, atarudi Jumanne. Hata hajauliza kuhusu siasa. Kaniambia tu mjukuu wake Akaale siku hizi haachi kuongea habari za wadudu wakati wa kula. Sikujua kama ni sifa au ni lawama. Nimecheka kidogo, nikatoka haraka.

Jumatatu, 23 Mei

Siku tamu kuliko zote tangu Agosti.

Wengine wameleta uzi mmoja. Gumato ameleta shanga nyekundu chache kwenye karatasi ya sukari. Halafu Akaale akaingia amekumbatia leso kwa mikono miwili, akaifungua mezani—shanga za Ata Nakuam, nyanya yake, mke wa chifu. ZOTE. Rundo zima la shingoni, linanukia mafuta! Nikasema Akaale, niliomba uzi mmoja. Akasema amemwambia nyanya hivyo hivyo, nyanya akajibu kwamba ni aibu kuipa shule uzi mmoja kama anamtupia mbwa mfupa. Elimu ikiomba, unavua.

Nilitakiwa kumrudisha nazo pale pale. Nilijua! Lakini zilikuwa nzuri, na watoto walikuwa wameshasimama juu ya madawati. Tukachukua uzi mmoja wa samawati. Nikakata kwa wembe. Tukapachika nyekundu za Gumato, tukafunga. Darasa zima likawa bakteria: wanasoma rangi kwa sauti, samawati, samawati, nyekundu—INSULINI!—halafu wanagawanyika wawili wawili hadi nje kwenye bendera. Bwana Diba alitoka ofisini kuuliza kama kuna moto.

Nusu ya darasa hawakupata nafasi ya kufunga uzi. Nikamwambia Akaale tuziache kwenye kabati la mwalimu mkuu hadi kesho. Nimelala chali nacheka peke yangu. Hii ndiyo kazi yangu. Nirudi tu nimalize, nije niifanye vizuri!

Jumanne, 24 Mei

Mungu wangu. Mungu wangu! Sijui nianzie wapi.

Nianzie bombani. Asubuhi Ata Nakuam kaenda kuchota maji, shingo tupu. Sasa kwetu Waturkana mama mzima akivua shanga zote namna ile, mume wake amekufa. Huulizi! Nani anamuuliza mjane? Unaweka mtungi chini, unalia naye. Wanawake wakaanza kulia. Ata Nakuam alipowaona wanalia akajua kuna msiba wa mtu bombani pale, naye ana adabu zake, hakuuliza. Akalia kwa nguvu kuliko wote!

Ikawa imethibitika. Chifu amefia Gotu. Gotu hakuna simu ya kupiga. Kufikia saa sita boma lake limejaa, akina mama wa kanisa wanaimba, majirani wamekuja na majani ya chai, mbuzi amefungwa mlangoni. Mama naye alikuja kunichukua shuleni macho mekundu. Nikamuuliza umejuaje? Shingo ya Nakuam, akasema, nimeiona kwa macho yangu.

Na shanga zenyewe ziko kabatini! Nikavunja adabu zote, nikachukua leso kabatini, nikamshika Akaale mkono, tukakimbia.

Tukafika Golicha akiwa anazungumza. Mzee Golicha, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye hajasalimiana na chifu tangu ile kesi ya kisima. Kaleta gunia zima la sukari! Amesimama katikati ya watu na kanzu yake nyeupe, anasema huyu Lotukoi alikuwa mkali, tuligombana, lakini hakuwahi kula haki ya mtu, hata yangu, na kisima kile alikuwa sawa yeye, mimi nilijua alikuwa sawa, Mungu anisamehe—na machozi yanamtoka kweli kweli.

Na nyuma yake, langoni, na mkoba wake, kofia imejaa vumbi, amesimama chifu.

Sijui alikuwa hapo tangu lini. Lori lilimshusha barabarani, akaja kwa miguu. Alipoona watu wote wamemkodolea macho, akasema taratibu tu: endelea, Golicha.

Vurugu! Wengine wameruka ua wa miiba. Kwaya imekimbilia jikoni. Golicha amekaa chini juu ya sukari yake. Ata Nakuam amemwangalia mume wake, akamuuliza, na wewe umekuja kumlilia nani? Hapo Akaale akapiga kelele mbele ya boma zima: si msiba, babu, ni bakteria! Shanga anazo mwalimu Teresia!

Wote wakageuka. Nami nimesimama na leso mkononi.

Chifu kanyoosha mkono, kachukua leso, kaingia nyumbani.

Jumatano, 25 Mei

Mama haongei nami. Bwana Diba amesema tupumzike kidogo na mambo ya wadudu. Watu wakinikuta njiani wanashika shingo zao na kuanguka kwa kicheko. Nacheka nao, halafu nakumbuka. Yunivasiti itafunguliwa, watamuuliza, naye atasema nini? Huyu ndiye aliyenizika?

Alhamisi, 26 Mei

Tarishi amekuja. Kesho nifike mapema, chifu anataka kuniona. Nije na shanga nyekundu za Gumato zilizobaki.

Kwa nini zilizobaki?

Ijumaa, 27 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu.

Nilipoingia nilimkuta na Golicha—Golicha!—wanakunywa chai ya ile sukari. Na Ata Nakuam amevaa shanga zake zote, na ule uzi wa samawati bado una kile kipande chekundu. Amekataa kitolewe. Anasema rafiki zake watatu wanataka kama hicho, ndiyo maana ya zile shanga zilizobaki.

Nikaanza pole sana mzee, nisamehe mzee. Chifu akainua mkono. Nieleze huyu mdudu, akasema. Nikaeleza. Nilipofika kwenye kukata uzi akanisimamisha, akamweleza Golicha mwenyewe, vibaya kabisa, nikamsahihisha, akakubali! Golicha akauliza kama kweli bila nguruwe. Chifu akamjibu kabla yangu: bila nguruwe. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: msichana, mimi ni chifu miaka mingi, hakuna mtu aliyewahi kuniambia mema yangu nikiwa hai. Jumanne nimeyasikia yote. Akacheka hadi miwani ikaanguka. Nikacheka. Sote tukacheka!

Simu ikalia. D.O., afisa wa tarafa, kutoka mjini. Chifu akanifanyia ishara nitoke, nikasikia akisema ndiyo bwana, mwanafunzi wetu, ndiyo, Teresia. Wanauliza! Ni leo! Chuo kitafunguliwa!

Ukuta huu ni wa mabati, nasikia kila kitu. Anasema nimekaa vizuri. Anasema hakuna siasa hata chembe. Anasema mtoto mwenye adabu, anafundisha watoto wetu bure, Burat nzima inamjua—ee, kunisifu huku! Akaale na wenzake wamefika hapa nje, nimewaonyesha ishara wanyamaze, wanaruka ruka kimya kimya.

Sasa amepandisha sauti, laini ni mbaya. Kurudi Nairobi? Hapana bwana. Huyu hatumpi mtu. Tumeshakubaliana na mwalimu mkuu, atabaki hapa hapa, afundishe shule zote, hadi za Kinna kule mbali—andika hivyo, anabaki.

Watoto wameanza kupiga makofi. Nami nilikuwa nimeshapiga mawili kabla sijaelewa.

Nimesimama. Naenda kugonga mlango. Sijui nitasema nini, ila kalamu naiweka chini.