Juma Moja na Waya Mgongoni

Garissa, Jumatano. Jua limepiga tangu asubuhi, mbuzi wa jirani wamejibana kwenye kivuli cha tangi letu la maji, na mimi nimejilaza chini ya feni nikijifanya nasahihisha insha za wanafunzi.

Mguu wa kushoto unawaka. Ulianza baada ya gari letu kupinduka tukitoka Dadaab kwenye semina ya walimu, ukaendelea hata baada ya upasuaji wa mgongo. Mifupa ilishapona zamani. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Kuna moto tu, kutoka kiunoni mpaka kidole gumba.

Kesho lazima nimjibu daktari: niwekewe ile mashine ya kutuliza maumivu mwilini, au nisiwekewe.

Mengine nimeyajaribu, jamani. Vidonge vya neva vilipunguza makali, lakini vilinifanya nisimame mbele ya darasa la Kiswahili nikilitafuta neno "kivumishi" kama mtu anayetafuta funguo gizani. Sindano za mgongoni zilinipa raha ya wiki chache, kisha moto ukarudi. Mazoezi yananisaidia na sitayaacha, ila hayajawahi kunipa usingizi mzito. Na kabla ya hayo yote hooyo, mama yangu, alimwita mtu kutoka kwao Hadado akanichoma kiunoni kwa kijiti cha moto, dawa ya kwetu ya maumivu yasiyosikia dawa. Nilipiga mayowe nusu ya mtaa wetu wa Iftin wakanisikia. Mguu haukubadilika hata kidogo.

Sasa mwezi uliopita, kule Nairobi, daktari alipitisha nyaya mbili nyembamba kwa sindano mpaka karibu na uti wa mgongo, akaziunganisha na kijisanduku nilichokifunga mkandani. Yalikuwa majaribio ya juma moja tu. Yakifaa, betri ingewekwa baadaye chini ya ngozi, ikae humo. Akabonyeza.

Niliduwaa.

Mguu ulianza kuchemka taratibu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na ule moto ukarudi nyuma. Haukuisha, na daktari hakuniahidi kwamba utaisha. Alisema tukipata nusu tushukuru. Lakini mimi, niliyekaa miaka nikidhani maumivu yako mguuni, nikaelezwa kwamba mguu hauna kosa. Ni neva zinazoendelea kupeleka habari ya ajali kwenye ubongo, kana kwamba gari linapinduka leo. Na waya mwembamba vile unaingilia kati, habari inafika nusu. Subhanallah. Nimeishi ndani ya mwili huu maisha yangu yote na kumbe sikuwa naujua.

Nililala mpaka adhana ya alfajiri, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau.

Daktari alikuwa amenikataza kuinama, kujipinda na kunyanyua vitu, nyaya zisije zikasogea. Nikatii kama mtoto mwema. Nyumbani kwa dada yangu kule Nairobi sikufagia, sikufua, hata viatu nilivalishwa. Halafu adhuhuri moja katikati ya juma nikakitazama kiti ninachoswalia tangu ajali, nikautazama mswala sakafuni, nikasujudu.

Haikunijia akilini kabisa kwamba kusujudu ni kuinama. Kuinama ni kazi za nyumbani. Kusujudu ni kusujudu.

Paji la uso wangu liligusa mswala na nikalia, na safari hii si kwa maumivu. Nilikaa pale mpaka nikasahau niko rakaa ya ngapi. Nilipoinuka, ile soda ilikuwa imeuhama mguu, inachemkia mbavuni, na moto umerudi kwenye makao yake.

Daktari alishika kichwa. "Mwalimu, si nilikuambia usiiname?" Nikamjibu sikuinama, niliswali. Akanitazama, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Alibadilisha mipangilio kwenye kifaa chake, nafuu ikarudi kiasi, halafu akanieleza ukweli bila kuupaka sukari. Nikiwekewa ya kudumu nitaendelea kuswali kitini kwa wiki nyingi, mpaka nyaya zishike. Baada ya hapo huenda nikasujudu, ila hawezi kuniapia. Nyaya husogea. Vijidudu vinaweza kuingia. Betri hutaka kuchajiwa, nami stima ya hapa naijua kwa kukatika. Kuna ambao nafuu huwapungua kadiri miaka inavyokwenda. Na kila ikitaka marekebisho, ni mimi na barabara ya Nairobi.

Juma likaisha, nyaya zikatolewa, nikarudi nyumbani na moto wangu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ajabu. Zamani nilivumilia kwa sababu sikujua kitu kingine. Sasa najua, na kuvumilia kumekuwa kugumu zaidi.

Hooyo hakutaka kusikia habari hiyo. Juzi alininyang'anya simu nikiongea na daktari, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Wewe daktari, hiyo stima unabeleka kwa mgongo ya mtoto yangu, ikiharibika huko ndani nani atatoa?" Daktari akamjibu kwa upole kwamba ataitoa yeye mwenyewe, na kwamba si kitu cha kufungiwa humo milele. Hooyo akanirudishia simu.

Nilijua hajakubali. Na bila yeye sina wa kuniuguza hapa nyumbani.

Alasiri ya leo amekuja na mafuta ya ufuta kunikanda mgongo, kama afanyavyo kila siku. Amekanda mpaka kiunoni. Kisha akaniuliza, kwa Kisomali, sauti yake imeshuka, akiniita hooyo kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe: "Hooyo, wataiweka upande gani? Nataka kujua mapema, mkono wangu usije ukapabonyeza."

Nikamwonyesha, juu ya nyonga ya kulia.

Naogopa kisu. Naogopa zaidi kutumaini halafu nikose. Lakini kesho nitampigia daktari nimwambie ndiyo, kwa sababu hooyo ameendelea kunikanda mpaka mafuta yakaisha kiganjani, na pale nilipomwonyesha hakupagusa.