Nilipoitwa Nesi Huku Stafford

Dada Mwanaisha mpenzi,

Joto la huku ughaibuni ni la Mombasa bila upepo wa bahari. Jana Shangazi alipika biriani, akawaambia wageni nasomea unesi. Kwake saikolojia, ninayoisomea hasa, ni kutibu vichaa. Sikumsahihisha. Mara mama mmoja akasema, "Binti yangu hazungumzi tangu baba yake afariki. Laiti ungesomea mambo ya akili!" Nikamsogezea kachumbari tu. Dada, niliona haya. Alipoondoka nilimkimbilia kwenye gari nikamwambia ukweli.

"Mbona ulinificha, mwanangu?"

Nikamwomba radhi. Kesho nawapeleka yeye na bintiye kwenye kliniki ya mwalimu wangu, lakini aibu haijanitoka. Nibusie Mama. Akiulizwa nasomea nini, ajibu bila kuficha.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura