Shimo la Mwankoko Halifukiwi

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mdomo wangu haujui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Arobaini yako ilikuwa Jumamosi. Watu walikula, wakaomba dua, wakakusifu, na kabla sufuria hazijaoshwa baba mdogo akasimama pale uani akatangaza kwamba Jumatatu lile shimo lako la kisima linafukiwa. Ati ndilo lililokuua. "Futi hamsini na mbili za jiwe kavu," akasema, "na kaka yangu yuko kaburini. Tunamngoja nani mwingine?" Wajomba wakatikisa vichwa kukubali. Mama akanyamaza, kama alivyonyamaza tangu tukuzike. Mimi nikasema halifukiwi. Nilisema kwa sauti ambayo binti hamtolei baba yake mdogo, na radhi sijaomba.

Shimo halikukuua, Baba. Vumbi ndilo lililokuua, miaka thelathini ya kugonga mawe bila kufunga hata kitambaa puani. Nilikuletea boksi zima la barakoa kutoka Shelui ninakofundisha, wewe ukampa Mama achujie asali. Bado nina hasira na wewe kwa hilo.

Lakini nina jambo langu pia, na nimelibeba muda mrefu. Unakumbuka siku uliyofika kwenye jiwe? Nilikuwa likizo, mwaka wa pili wa chuo, kichwa kimejaa. Majirani walikuwa wamekaa juu ya kifusi wanakutazama. Ukaokota kipande cha jiwe, ukakiweka shavuni, ukasema: "Maji yamo humu humu. Jiwe lilizaliwa nayo." Nikacheka. Mbele ya watu wote nikakwambia kwamba dunia ilipoanza ilikuwa moto mtupu, haikuwa na tone, na maji yaliletwa baadaye na vimondo kutoka mbali huko angani. Mmoja akadakia, "Basi mzee, ungechimba kwenda juu!" Walicheka mpaka machozi. Wewe ulijifuta mikono kwenye suruali, ukasema, "Haya, mwalimu," ukarudi chini kazini. Maneno yale hukuyarudia tena mbele yangu mpaka unakufa.

Sasa sikiliza. Muhula huu nilikuwa naandaa somo la sayari kwa kidato cha kwanza, nikasoma mambo mapya, nikakukumbuka wewe. Ngoja nikueleze kama nilivyopaswa kukueleza siku ile, bila maringo. Jua likiwa changa lilizungukwa na gesi na vumbi. Vumbi likashikana na vumbi, kama unga unavyofanya madonge kwenye uji. Chembe ikawa kokoto, kokoto ikawa jabali, majabali yakagongana na kuungana kwa mamilioni ya miaka mpaka zikapatikana sayari za mawe: Zuhura, Mirihi, hii yetu. Kugongana kule kulileta joto, mwamba ukayeyuka. Mimi nilikuwa nimeishia hapo.

Kumbe wapo wataalamu wanaosema yale mawe ya mwanzo yenyewe yalibeba haidrojeni ndani yake. Wengine wanasema dunia changa ilijifunika gesi hiyo ya haidrojeni, ikakutana na oksijeni iliyomo kwenye mwamba ulioyeyuka, yakatokea maji. Palepale kwenye moto! Vimondo navyo huenda vilileta sehemu yake, bado wanabishana. Na mpaka leo, chini kabisa, kuna maji yaliyofungwa ndani ya miamba, hayachoteki kwa ndoo kwa sababu ni sehemu ya jiwe lenyewe. Jiwe lilizaliwa nayo, Baba. Wewe wa darasa la saba na nyundo yako! Nililia ofisini mbele ya walimu wenzangu, nikawaambia ni mafua.

Ila usianze kuvimba kichwa. Maji ya kisima ni mvua iliyojipenyeza kwenye nyufa, na hilo sikuachii hata huko uliko. Jiwe lako likipasuka tutakunywa mvua, basi. Lakini uliposema jiwe lilizaliwa na maji, ulikuwa sahihi, na mimi nilikucheka nikiwa na nusu ya somo.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda kwa Shabani, uliyechimba naye tangu ujana wenu. Akashuka, akapanga kuni juu ya jiwe, tukalichoma mchana kutwa kama mlivyozoea, lipate kupasuka. Jumatatu asubuhi tukashusha koroboi. Haikuzimika, hewa ilikuwa safi. Nikajifunga kamba kiunoni. Najua, mwanamke haingii kwenye kisima kinachochimbwa, ati maji hukimbia. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinisimamisha hatua kumi kutoka shimoni nikikuletea uji. Shabani alinishusha huku anakuomba msamaha kwa sauti.

Baba mdogo akafika na vijana wanne, sepeto na toroli za udongo. Akachungulia, akaniona chini na tindo mkononi. Alinitukana wee, mpaka akakohoa. Nikamjibu kutoka chini: "Fukieni basi! Anzeni na mimi." Halafu nikaona miguu inaning'inia juu yangu, na zile ndala za bluu. Mama alikuwa amekaa ukingoni, palepale pa kumwagia udongo. Akasema neno moja, "Mwageni."

Hakuna aliyemwaga. Mwishowe baba mdogo akamuuliza Shabani ufa umeingia kiasi gani, na Shabani akamwambia unapitisha mtaimbo. Akawarudisha vijana nyumbani. Toroli moja akaiacha, ya kubebea kifusi.

Maji sijapata, Baba. Huenda yako futi tatu chini, huenda hayapo kabisa, na sikuahidi kitu nisichokiona. Ninachokuahidi ni hiki: Jumatano narudi Shelui, nitasimama mbele ya kidato cha kwanza niwafundishe sayari za mawe zilivyopata maji. Na kabla ya kushika chaki nitawaambia kwamba wa kwanza kuniambia alikuwa mchimba visima wa Mwankoko, baba yangu, na mimi nikamcheka mbele ya watu. Wakitaka kucheka, wanicheke mimi.

Pumzika, Baba, kifua kisikuume tena. Jumamosi nashuka tena shimoni.

Mwanao,
Mwanaidi